Mkongojo na Matandiko ya Farasi



Katika Ulaya na Marekani, kabla trekta hazijaenea, farasi ndiye aliyevuta jembe na mkokoteni. Matandiko yake yalikuwa na pete, vifungo na vichwa vya mviringo vya shaba ya njano. Trekta zilipofika, vyombo hivyo viliachwa mabandani vishike vumbi. Wako mafundi waliovitwaa na kuvipachika juu ya fimbo za mti mgumu, vikawa vichwa vya mikongojo. Kilichomfunga mnyama kazini sasa kinaushika mkono wa mzee.

Sisi wa Kagerankanda hatukurithi vyuma vya namna hiyo, na sababu yake twaijua. Mbung'o walieneza nagana iliyoua farasi na ng'ombe, na malale yaliyoua watu. Hata katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Mahali ambapo farasi hakuweza kuishi, mzigo ulibebwa na binadamu. Mama zetu walibeba maji, kuni na mazao kichwani. Vijana wengi wa Buha walikwenda mbali kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge. Ngata ndiyo iliyokuwa matandiko yetu, na shingo iliyoibeba ilikuwa ya mama.

Shingo hizo leo zimezeeka. Baadhi ya waliotubeba hatuwaoni tena kwenye Misa, kwa kuwa njia ni ndefu, kilima ni kikali, na magoti hayana nguvu. Je, nao tumewaacha bandani kama chombo kilichomaliza kazi?

Nabii Zekaria aliona siku ambayo hata njuga za farasi zitaandikwa kwamba ni takatifu kwa Bwana (Zek 14:20). Kifaa cha kazi, chenye jasho na vumbi, kinahesabiwa pamoja na vyombo vya hekalu. Ikiwa njuga ya mnyama yapata heshima hiyo, sembuse mwili wa mama aliyechoka kwa kutulea? Nayo Barua kwa Waebrania yatuonyesha Yakobo akikaribia kufa: anawabariki wana wa Yosefu na kumwabudu Mungu, ameegemea kichwa cha fimbo yake (Ebr 11:21). Anayeegemea fimbo bado ana baraka ya kutoa.

Basi tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zifanye jambo moja. Kila jumuiya imtafute mzee asiyeweza tena kufika kanisani, nasi tumtengenezee mkongojo. Shina la mpera, au la mbuni uliopogolewa, lafaa. Tusikate mti katika msitu wa hifadhi. Fimbo ikaushwe kivulini kwa majuma kadhaa isije ikapasuka. Mzee asimame wima amevaa viatu, mikono ikining'inia. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Mwenye kiganja dhaifu apewe mshikio uliolala, kwa maana kichwa cha mviringo humteleza. Chini tuvike kipande cha tairi kuukuu. Tena tumweleze kwamba mkongojo hushikwa upande wa mguu ulio mzima.

Hata hivyo, wapendwa, tujihadhari. Twaweza kumpa mzee fimbo ili tupate kuliondoa bega letu. Mkongojo haubishi hodi, hauulizi habari za usiku, wala haumsubiri mtu akae kivulini apumzike. Atakayepeleka mkongojo na arudi Jumapili asubuhi na mapema, atembee na mzee huyo kwa mwendo wa mzee. Wakichelewa, tutawapisha nafasi mbele.

Mungu awabariki. Tumsifu Yesu Kristo!