Barua ya Naibu Chansela na Aya Niliyoimeza

Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Methali hiyo tulifunzwa tukiwa Kidato cha Kwanza, tukaiandika daftarini na kuendelea na mengine. Lakini wahenga hao hao hawakutuambia afanywe nini mjumbe anayepewa barua nzima akafikisha nusu. Mjumbe huyo ni mimi. Leo ningependa kuwasimulia, wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, kisa ambacho nimekaa nacho moyoni tangu Januari mwaka huu wa 2026.

Nina kaka mmoja tu. Yeye yuko mwaka wa nne katika chuo kikuu kimoja cha umma, mbali na kwetu. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na Mama. Mama huuza mitumba sokoni. Aliishia darasa la sita, hivyo Kiswahili anasoma vizuri, lakini Kiingereza kikizidi mstari mmoja anakiacha. Tangu nilipojua kusoma, mimi ndiye macho yake. Bili ya stima, karatasi ya hospitali, barua za shule, zote husomwa na mimi.

Mtakumbuka kwamba wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma tarehe 17 Septemba 2025. Walikuwa wakidai serikali shilingi bilioni 7.9, malimbikizo ya mkataba wa mwaka wa 2017 hadi 2021. Mgomo huo uliisha tarehe 5 Novemba, baada ya kukubaliwa kuwa pesa hizo zitalipwa kwa awamu mbili. Siku 49 zilipotea. Sisi wa shule za upili tulisoma kama kawaida, lakini kaka yangu alikaa chumba cha kukodi akila sukuma wiki na kungoja. Kodi ya nyumba haijui mgomo. Mwenye nyumba alikuja kila tarehe tano kama saa.

Kwa hiyo muhula wao uliotakiwa kuisha Desemba ukaingia Januari. Mitihani ilipokwisha, Naibu Chansela aliwaandikia wanafunzi na wazazi barua ya kufunga muhula. Kaka akaituma kwa simu ya Mama bila kuongeza neno. Ilikuwa Jumapili jioni. Mama alikuwa akichambua mboga, nami nilikuwa nikipiga pasi sare yangu.

"Hebu soma," akasema. "Soma polepole, na unieleze kwa Kiswahili."

Barua ilikuwa kurasa mbili. Nikaanza kwa bidii zote za mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Naibu Chansela aliwashukuru wanafunzi kwa uvumilivu wao. Aliwashukuru wahadhiri waliofundisha hata Jumamosi ili kufidia wiki zilizopotea. Alisema muhula huo ulikuwa mgumu, na kwamba yeye mwenyewe alijifunza kuwa chuo si majengo bali ni watu. Mama alitikisa kichwa kwa kukubali. "Huyo mzee anaongea vizuri. Lakini mbona naibu ndiye anaandika? Mkubwa mwenyewe ako wapi?"

Bahati nzuri swali hilo nililiweza, maana mwalimu wetu wa Historia alikuwa amelieleza darasani. Nilimwambia kwamba chansela ni cheo cha heshima. Chansela ndiye huwatunuku watu shahada siku ya mahafali, lakini kazi ya kila siku ya chuo iko mikononi mwa naibu wake. Zamani Rais wa nchi ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vyote vya umma, mpaka mwaka wa 2003 Rais Kibaki alipoanza kuwateua watu wengine. Mama alifurahi kujua hivyo, nami nikavimba kichwa kidogo.

Nikaendelea. Matokeo ya mitihani yatapelekwa kwa seneti kabla ya kutolewa. Hapo Mama aliacha mboga. "Seneti? Hao maseneta wa Nairobi nao wanaingilia mitihani ya watoto?" Tulicheka sana nilipomweleza kuwa seneti ya chuo ni baraza la maprofesa na wakuu wa idara, ambao ndio hupitisha mitaala na matokeo. Basi tukawa na furaha, mama na mwana, taa inawaka, chai iko jikoni.

Ndipo nikafika aya ya sita.

Aya hiyo ilisema kwamba mwanafunzi yeyote mwenye deni la karo hataona matokeo yake, wala hataruhusiwa kujisajili kwa muhula wa pili. Usajili ungefungwa wiki mbili baada ya chuo kufunguliwa. Baada ya hapo, mwanafunzi angelipa faini ya shilingi 2,000, na kwa muda wa wiki moja tu. Atakayekosa wiki hiyo pia angelazimika kuahirisha masomo.

Nilinyamaza. Mama akauliza, "Ndiyo hiyo imeisha?"

Nikajibu, "Bado kidogo. Anasema muhula wa pili unaanza Februari, na anawatakia wazazi heri ya mwaka mpya."

Nikaruka aya ile, nikasoma ya mwisho.

Kwa muda mrefu nimejiambia kuwa nilifanya hivyo kwa huruma. Mama ana presha, na daktari alimwonya asiwe na mawazo mengi. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Juu ya kabati letu kuna mkebe wa majani chai. Siku hiyo mlikuwa na shilingi 7,200, pesa za chakula changu cha mchana shuleni. Sisi wa shule ya kutwa tunajua maana ya pesa hiyo. Usipolipa, saa saba wenzako wanapanga foleni na sahani, nawe unazunguka nyuma ya maabara ukijifanya unasoma. Nilijua wazi kwamba Mama akisikia habari ya deni, mkono wa kwanza utaingia kwenye mkebe ule.

Tena sisi ni darasa la mwisho la 8-4-4. Mfumo huo ulianza mwaka wa 1985, na sisi ndio tutaufunga kwa KCSE ya mwaka wa 2027. Mwaka huu ukigeuka nyuma shuleni huoni Kidato cha Pili, unaona Gredi ya 10. Mama hunikumbusha kila mara: "Wewe ukianguka, hakuna darasa la kurudia." Basi nikajiona nina haki ya kulinda chakula changu.

Mama aliniambia nimjibu kaka. Nikaandika alivyosema: "Tumesoma barua. Tumefurahi sana. Mungu ni mwema." Kaka hakujibu.

Februari ikaingia. Zamu ya Mama katika chama chao ikafika. Alipata pesa na kununua mabati ya kuezekea jiko letu, ambalo huvuja. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Mimi kila nilipoyaona mabati yale yameegemea ukuta, tumbo lilinikata, lakini nikanyamaza.

Wiki ya tatu ya chuo kufunguliwa, simu ililia usiku. Alikuwa kaka. Mama aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Kaka alisema kwa sauti ndogo kwamba hajasajiliwa. Deni lake lilikuwa shilingi 23,600. Alikuwa akiingia darasani kwa siri na kuketi nyuma, mpaka siku hiyo orodha ilipoitwa akatolewa.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama akamuuliza.

"Mama, si nilikutumia barua?" kaka akasema. "Niliona haya kukuomba pesa tena, nikaona heri barua ya Naibu Chansela iniombee. Mkanijibu mmefurahi. Nikajua basi hakuna, nikanyamaza."

Mama alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, na naomba Mungu nisitazamwe hivyo tena. Hakunipiga. Aliniambia nilete simu, nifungue barua ile, nisome aya zote kwa Kiswahili, bila kuruka hata nukta. Nikasoma huku machozi yakinitoka. Nilipomaliza akasema, "Pesa ningetafuta. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nazo mkononi. Kitu sikuwa nacho ni habari."

Kesho yake nilimweleza pia juu ya mkebe. Hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza, maana angeweza kuamini habari ya presha na mambo yangeishia hapo.

Mama alikopa shilingi 15,000 kwa chama. Mwenye duka la vifaa alikataa kurudishiwa mabati, hivyo mengine yakauzwa kwa jirani kwa shilingi 7,000, kwa hasara. Mkebeni zilikuwa zimebaki 3,600, maana nusu ilikuwa imeshalipwa shuleni. Ukijumlisha unapata 25,600, yaani deni pamoja na faini. Kaka alijisajili siku ya mwisho kabisa ya ile wiki ya faini, saa kumi kasorobo, ofisi ikijiandaa kufungwa. Mimi nilianza kubeba githeri kwenye kopo. Wengine wenu mlinicheka pale chini ya mti, mkaniita mkulima. Sasa mmejua sababu.

Nina mambo mawili ya kusema kabla sijaweka kalamu chini.

La kwanza ni kwetu sisi wanafunzi. Wengi wetu ndio wasomaji wa barua za nyumbani. Wazazi wetu wanatuamini kuliko tunavyojiamini. Anayemsomea mtu barua hana haki ya kuamua mwenye barua ajue nini. Kazi yake ni kufikisha, iwe tamu au chungu. Nikiwa na presha ya Mama mkononi, ningeweza kuchagua wakati mzuri wa kumwambia, au kumwita shangazi awe karibu. Kumficha sikuwa na ruhusa.

La pili ni kwa wakuu wa vyuo na shule zetu, ikiwa gazeti hili litawafikia. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Barua kwa mzazi ikiandikwa kwa lugha zote mbili, gharama yake ni karatasi moja zaidi. Lau barua ile ingekuja kwa Kiswahili, Mama angevaa miwani yake akasoma aya ya sita mwenyewe, na mimi nisingepata nafasi ya kuimeza. Hata hivyo silaumu lugha. Aliyeruka aya ni mimi.

Muhula wa kaka utakapokwisha, barua nyingine itakuja. Nimemwahidi Mama kuwa nitaisoma yote, tangu tarehe hadi sahihi. Yeye amesema sawa, lakini ameongeza kuwa nikimaliza, atampigia kaka simu amwulize kama nimesahau kitu. Sikununa. Jiko letu bado linavuja upande mmoja, na mvua ikinyesha mimi ndiye huweka sufuria.