Ilianza Lini?

Kompyuta ikifa kabisa, angalau unajua umefiwa. Inayosumbua zaidi ni ile inayoganda sekunde moja au mbili, kisha inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukimwita mtu aje aone, haigandi. Wengi wetu tunasomea kwenye laptopu za mkono wa pili, kwa hiyo ugonjwa huu tunaujua, na ushauri wake tunaujua pia: "Hiyo imechoka, subiri bumu ununue nyingine."

Mimi bumu lilikuwa limeshaisha. Ilikuwa likizo ndefu, niko nyumbani Nambis, Mbulu, baridi ya Julai, na supavaiza anataka sura ya nne ya ripoti ndani ya wiki mbili. Laptopu yangu inatumia Linux. Siku moja baada ya kuapdeti mfumo, ikaingia kerneli mpya, yaani ile sehemu ya mfumo inayokaa kati ya programu na vyuma vya mashine. Tangu hapo skrini ikaanza kuganda. Naandika, herufi hazitokei, halafu zinamwagika zote kwa mpigo. Fundi mmoja mjini akasema ni diski, nilete elfu themanini. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli yangu ya kurudi chuo.

Aliyenipa njia ni baba, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Kwetu ng'ombe akiacha kula, huanzi na sindano. Unaanza na maswali. Akaniuliza yale yale ya zizini: "Ilianza lini? Kabla ya hapo ulibadilisha nini? Na ikishikwa, inaacha kazi zote au moja tu?"

"Hilo la tatu sijui, baba."

"Basi anzia hapo, mwanangu."

Nikaanzia hapo. Nilifungua terminali nikaandika amri fupi ya kuandika saa kwenye faili kila baada ya sehemu ya tano ya sekunde:

while true; do date +%T.%N; sleep 0.2; done > muda.txt

Kisha nikaendelea na ripoti, muziki ukicheza pembeni. Skrini ikaganda, muziki haukukatika. Nilipofungua faili, saa zilikuwa zimefuatana bila pengo. Kumbe kichwa cha mashine hakikusimama hata kidogo. Kilichosimama ni picha tu.

Swali la pili lilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu mifumo mingi ya Linux haifuti kerneli ya zamani ikileta mpya. Ukiwasha mashine na kubonyeza Esc au Shift, unapata menyu ya GRUB, na humo unaweza kuchagua kerneli iliyotangulia. Nilifanya kazi siku mbili kwenye ile ya zamani: haikuganda hata mara moja. Nikarudi kwenye mpya: saa moja haikuisha, ikaganda. Diski ni ile ile, joto ni lile lile, ripoti ni ile ile. Kilichobadilika ni kimoja. Elfu themanini ikabaki mfukoni.

Kwa mtu mwenye haraka, safari ingeishia hapo: baki na kerneli ya zamani, maliza sura yako. Ni ushauri halali, na kwa wiki ile niliufuata. Lakini kerneli mpya huja pia na viraka vya usalama, hivyo kuikimbia milele si dawa. Ripoti ilipokwenda, nikasoma kumbukumbu za kerneli kwa amri ya journalctl -k, nikatazama kilichoandikwa dakika zile za kuganda. Mistari ilielekeza kwenye draiva ya picha.

Skrini nyingi za laptopu zina ujanja wa kubana umeme. Picha isipobadilika, skrini inaihifadhi yenyewe na kuendelea kuionyesha, ili chipu ya picha ipumzike. Ukigusa kitufe, chipu inatakiwa iamke papo hapo. Ikichelewa, wewe unaona picha ya zamani na kudhani mashine nzima imelala. Amri ya modinfo, ukiipa jina la draiva, inakuorodheshea vigezo vyake, na changu kilikuwemo cha kuzima ujanja huo. Kwenye menyu ya GRUB nilibonyeza e, nikakiongeza mwisho wa mstari wa kerneli. Hiyo hudumu kwa kuwasha mara moja tu, kwa hiyo ukikosea unazima na kuwasha upya. Kuganda kukaisha. Bei yake ni betri kupungua haraka kidogo, na kijijini umeme ukikatika hilo unalihisi.

Ndiyo maana sikuishia kwenye kuponya mashine yangu. Niliandika taarifa kwa watunzaji wa mfumo: kerneli ipi ilikuwa nzima, ipi inaganda, nilipima vipi, kigezo gani kinaituliza. Linus Torvalds alipotangaza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi kule Helsinki, na msimamo wake juu ya jambo hili unajulikana: kilichokuwa kinafanya kazi kikiharibika baada ya kuapdeti, hilo ni kosa la kerneli, si la mtumiaji. Kati ya toleo moja na jingine huingia mabadiliko elfu kumi na zaidi, lakini kwa kugawa nusu kwa nusu, elfu kumi hupimwa kwa majaribio kama 14 tu mpaka mkosaji apatikane. Anayeandika draiva hana laptopu yako. Usiposema, hatajua.

Na sisi si wageni wa kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Walioifanya hawakungoja kampuni ya mbali iwahurumie.

Kwa hiyo mwenzangu, laptopu ikianza kuganda usikimbilie kuuza wala kufomati. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, andika ulichoona, na kabla ya kumpa mtu hela, muulize swali moja: umejuaje? Akikosa jibu, rudi na mashine yako nyumbani.