Mbwa Asiye na Bwana: Safari ya Ufukoni, Kutoka Mwanza Hadi Bunda

Mji wa Mwanza umejengwa kati ya majabali, na mengine yamesimama ndani ya ziwa lenyewe, kama lile la Bismarck ambalo kila mgeni huonyeshwa. Lakini, ndugu wasomaji, hatukukusudia kueleza habari za mawe. Asubuhi ya safari yetu tulishuka Mwaloni, Kirumba, ambako dagaa wa Ziwa Viktoria huuzwa kwa magunia, na hapo tukaona jambo lililotufuata njia nzima.

Mbwa mmoja, mbavu zake zikihesabika, alikuwa akiokota vichwa vya samaki. Vijana watatu wakampiga mawe mpaka akakimbia akichechemea. Tulipowauliza amewakosea nini, mmoja akajibu kwa adabu, "Mzee, huyu ni najisi, tena hana mwenyewe." Tulinyamaza, kwani sisi nasi, tulipokuwa wadogo, tulifanya hayo hayo tukirudi kutoka chuo cha Kurani, wala hakuna aliyetukataza.

Barabara ya Musoma yapita Kisesa, Magu na Lamadi. Kushoto, maji ya Ghuba ya Speke huonekana na kupotea. Na mbele ya Lamadi, kulia, lipo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hapo ziwa, vijiji na mbuga vimekaribiana, na maradhi hayajui mpaka. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti. Na kichaa cha mbwa ni kibaya zaidi, maana dalili zake zikisha kumtokea mtu, hapana dawa ya kumponya. Makisio ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2002 yalisema watu 1,500 hivi hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka katika Tanzania, na wengi wao ni watoto.

Ndiyo maana tangu mwaka 2003 mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti wamekuwa wakichanjwa. Yatakiwa wachanjwe mbwa 70 katika kila 100, ndipo ugonjwa ukose njia. Lakini chanjo yataka baridi, na vijiji vingi havina jokofu. Basi wataalamu wakaipima, wakaona aina mojawapo hubaki na nguvu zake hata ikikaa miezi 3 katika joto la nyuzi 30. Kisha Dakta Ahmed Lugelo, mganga wa mifugo Mtanzania, na wenzake, wakaeleza mwaka 2020 chombo cha kuihifadhia kilichotengenezwa hapa hapa nchini, kwa hekima ile ile ya mtungi wa bibi zetu: maji yakikauka juu ya udongo, huondoka na joto. Katika mkoa wa Mara njia hii ilijaribiwa, na watu waliochaguliwa katika vijiji vyao wenyewe wakashirikiana na maofisa wa mifugo kuwachanja mbwa wa jirani zao. Hawakuwa wageni waliokuja kwa siku moja na kuondoka. Walijua kila mlango.

Na jambo moja limethibitika katika kazi hizi, nalo lapasa kutuonya: wengi wa mbwa tuwaonao wakizurura katika nchi yetu wana wenyewe. Yule tumwitaye asiye na bwana, bwana wake yupo, ila hajitokezi.

Maneno hayo tuliyaona kwa macho yetu Bunda. Mwenyeji wetu, mzee wa msikitini, anaye mbwa alindaye mbuzi usiku. Tulimwuliza kama amechanjwa. Akainamisha kichwa, akasema, "Nitapitaje mbele ya msikiti nikivuta mbwa kwa kamba?"

Tukakumbushana yale tuliyofunzwa. Mbwa wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa. Katika madhehebu ya Shafii, mate yake na umajimaji wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mkono mkavu ukigusa manyoya makavu haupati najisi. Sheria ya tohara yatufundisha kuosha, haikutufundisha kupiga mawe. Mtume (s.a.w.) alisimulia habari za mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, na habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa. Na katika Sura ya Al-Kahf, mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao. Hata sheria ya nchi, ile ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, yakataza kuwatesa.

Mzee alicheka kidogo, akamwita mjukuu wake. "Kaulize siku ya sindano ni lini. Nitampeleka mwenyewe."

Enyi wazazi, semeni na watoto wenu juu ya mawe yale. Anayefuga mbwa na ampe chakula, maji na chanjo. Na mtoto akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara hiyo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, asingojwe mpaka augue. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuwahurumia walio chini ya mikono yetu, ili nasi tuhurumiwe. Amin.