Arusha, Soko Chini ya Mlima

Kabla ya kuwa mji wa minara na mikutano, Arusha ilikuwa jina vinywani mwa wasafiri wa pwani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Pangani kuelekea Umasaini ilizijua Arusha mbili, ikazipambanua kwa Kiswahili: Arusha Chini, iliyo kusini ya Kilimanjaro, na Arusha Juu, miguuni mwa Mlima Meru. Wapagazi walifika na nguo, shanga na waya. Waliondoka na chakula. Mpwani apandaye huko leo asijidhani mgeni kabisa: alitangulia kufika, na alifika kununua.

Soko lenyewe liliwatangulia hata hao. Wameru walilima migomba upande wa mashariki wa mlima. Waarusha, wasemao Kimaasai, walihamia upande wa pili mnamo miaka ya 1830, wakashika jembe bila kuwasahau ng'ombe. Uwandani walikuwako wafugaji. Mwenye ndizi alihitaji maziwa na ngozi. Mwenye ng'ombe alihitaji chakula pale kiangazi kilipokaza. Mapatano hayo yangalipo katika chungu: loshoro, chakula cha mahindi, ndizi na maziwa ya mtindi, ni mlima na uwanda vilivyokutana jikoni.

Mgeni wa leo haonyeshwi hayo kwanza. Hupelekwa Boma, ngome iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1900 baada ya kuwashinda Waarusha na Wameru vitani. Walioshindwa ndio waliolazimishwa kuijenga. Sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Hutazama pia Makumbusho ya Azimio la Arusha, katika jengo walimokutana viongozi wa TANU Januari 1967, wakaazimia kwamba nchi ijenge Ujamaa na Kujitegemea. Kwenye Mnara wa Saa huambiwa amesimama nusu ya njia ya kutoka Cairo hadi Cape Town, hadithi isiyohitaji kipimo ili ipendeze. Asubuhi yake amekwenda zake Ngorongoro au Serengeti, na Arusha imebaki kuwa mahali alipolala.

Lau angeelekea mashariki, kwa barabara ya Moshi, angevuka Mto Nduruma na kufika Tengeru. Hapo walihifadhiwa maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi kuanzia mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi yao yangali yakitunzwa. Hapo pia, siku ya Jumamosi, hufurika soko: mikungu ya ndizi, maparachichi, nyanya, maharage, mitumba, na lugha tatu au nne katika bei ya fungu moja.

Sehemu ya mavuno ya nchi hii ni kazi ya mto uliovukwa. Nduruma hushuka kutoka Meru, hugawanywa kwa mifereji, kisha huufikia uwanda uitwao kwa jina lake, kusini ya barabara. Huko mkulima humwagilia kwa zamu, naye hutegemea uaminifu wa aliye juu yake mferejini. Mashamba makubwa yaliyolima maua ya kupelekwa Ulaya yalikunywa mto huo huo. Maji yakipungua juu, nyanya hupungua chini, na bei hupanda mjini. Hakuna mnara unaoeleza jambo hili, ingawa mji mzima hula kwalo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Arusha huwapokea wageni wengi mno, lakini mwenyeji wake hasa ni nani? Yupo mwenye hoteli, yupo mwenye gari, na yupo mama wa Nduruma aliyekesha akingoja zamu yake ya maji. Ngome na minara vinastahili kutazamwa. Lakini mgeni anunuaye fungu la nyanya Tengeru, akamwuliza muuzaji limetoka wapi, amekwisha kuingia katika historia ya mji kwa mlango wake wa kale, na fedha yake imefika kwa mwenyeji anayengoja kupona.