Boti bila helisi: inafaa kuvuta mtu juu ya ubao?

Jumapili moja, hapa Bukavu, mpwa wangu alikuwa anavutwa na boti juu ya ubao, kwenye ziwa Kivu. Alianguka. Dereva akageuza boti kwenda kumchukua, nami niliyekaa nyuma nikaona helisi ikizunguka karibu na miguu yake. Nilipiga kelele, motere ikazimwa. Hakuumia, lakini usiku ule sikulala.

Baadaye mwenye boti aliniambia: «Mzee, nitatafuta boti ya jeti. Ile haina helisi nje. Pampu inavuta maji chini ya boti na kuyasukuma nyuma kwa nguvu.» Nilifurahi. Boti hizo si ngeni katika inchi yetu: msafara wa Waingereza ulizitumia mwaka 1974 na 1975 kwenye mto Kongo, wakati ule ukiitwa Zaire, kwani zinapita hata penye maji kidogo na mawe.

Lakini kuvuta mtu ni kazi nyingine. Anayevutwa anahitaji mwendo usiobadilika, karibu kilomita 30 hadi 35 kwa saa, na wimbi kubwa nyuma ya boti ili aweze kuruka. Boti nyingi za jeti ni nyepesi, wimbi lao ni dogo mpaka ziongezewe uzito. Kwa anayejifunza, linatosha.

Kuna hatari mbili. Boti hiyo inageuzwa na maji yanayotoka nyuma. Dereva akiona mtumbwi wa mvuvi mbele na kuachia esansi ghafla, boti inaendelea mbele bila kutii usukani. Tena, pampu inameza: kamba iliyolegea, nywele ndefu, na zile chupa za plastiki tunazotupa ziwani, ambazo zinasumbua hata mitambo ya umeme ya Ruzizi. Ikiziba, boti inakosa nguvu katikati ya ziwa.

Basi nilimujibu: jeti inafaa kwa wanaoanza, lakini haiondoi kazi ya dereva. Motere izimwe kabla ya kumfikia aliyeanguka. Mtu mmoja akae akitazama nyuma. Kila mtu avae jile. Hayo yote tunaweza kuyafanya leo, na boti hii hii.

Mpwa wangu anataka kurudi. Nimekubali, ila mimi ndiye nitakayekaa nyuma.