Tarehe Bei Yake Mbali

Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa ya Kiswahili hasa: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Barazani palikuwa pa wanaume. Katikati ya miaka ya 1980, kila jioni, wazee wa mtaa walikaa pale na vikombe vyao vya kahawa, kashata zikiwa za kubahatisha kwa kuwa sukari ilikuwa ya foleni, na haikupita muda kabla mazungumzo hayajafika kwenye TANU, chama kilichopigania Uhuru. Bibi alikaa ndani ya mlango, pazia likimficha nusu, ungo mapajani, akichagua chuya.

Mzee mmoja ndiye aliyekuwa msimuliaji mkuu. Sauti alikuwa nayo, ila tarehe zilimpiga chenga. "Ule mkutano ulikuwa mwaka gani vile, bi mkubwa?" aliuliza bila kugeuza shingo.

"Hamsini na tano," Bibi alijibu, vidole vikiendelea na mchele.

"Basi hamsini na tano hiyo, mimi nikasimama..." Historia ilitoka ndani ikaenda nje, na pale mlangoni ikabadilisha mwenyewe.

Shuleni tulikaririshwa waasisi 17 wa TANU, wale wa Julai 7, 1954. Wanaume watupu. Nilipomsomea Bibi ile orodha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kadi za chama walimuuzia nani, mke mwenzangu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, alipofika Dar es Salaam aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Ilibidi Mwingereza aulize! Ndipo akafuatwa Titi Mohamed, mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba, na baada ya miezi michache wanawake 5,000 wakawa wameingia chamani. Wazee wa barazani walilieleza jambo hilo kana kwamba akina mama walikuja kupiga vigelegele tu. Bibi alilieleza kwa namna nyingine. Makundi ya ngoma yalikuwa na viongozi, michango, sare na mtunza fedha, na kila mmoja alijua nani anakaa nyumba gani. Palikuwa na chama tayari, ila hakikuwa na kadi. Tena wanawake waliingia uani kwa watu muda wowote, wakakaa, wakapewa chai. Hebu mwanamume ajaribu kuingia uani kwa mwenzake saa nne asubuhi, tuone atatokaje.

Babu alikuwa karani wa serikali, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na siasa. Kwa hiyo kadi ya nyumba ile ilikuwa ya Bibi. Alitembeza vitumbua Temeke mpaka Mtoni, na chini ya vitumbua, ndani ya kitambaa, zilikaa kadi. Bangili zake mbili za dhahabu zilikwenda rehani ili kuchangia safari ya kiongozi. Hazikurudi. Babu, kila alipoulizwa juu ya enzi zile, alisema, "Tulijitolea sana."

Jina la Titi lilikuwa na taabu yake pale barazani. Alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, na mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamsamehe. Oscar Kambona, aliyetajwa katika kesi hiyohiyo, alipozungumzwa, wazee walibishana juu ya siasa yake. Titi alipozungumzwa, walijadili uanamke wake: mwanamke ukimpa cheo, mwanamke ukimpa nyumba za kupangisha. Hapo ungo wa Bibi ulipigwa kwa nguvu kuliko mchele ulivyohitaji. Leo barabara inayopita Mnazi Mmoja ina jina la Bibi Titi Mohamed, na wale wanawake wengine wa zile ngoma hawana hata kichochoro.

Mwaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30, mtaa wetu ulifanya hafla yake. Meza kuu iliwekewa viti vya waliopigania Uhuru, na yule mzee msimuliaji akapangiwa hotuba. Kijana wa kamati alikuja uani, akavua kofia, akasalimia kwa adabu zote.

"Shikamoo Bibi. Wazee wanaomba uwapikie pilau."

"Marahaba. Watu wangapi?"

"Kama sitini hivi, Bibi."

Bibi akataja bei. Hakuwahi kuutoza mtaa hata senti, na kijana alijua. Akabaki anamtazama.

"Na nusu niipate kabla sijawasha moto," Bibi alisema. "Halafu mwambie mzee, kama anataka na tarehe za hotuba yake, hizo bei yake mbali."