Dema na Tangi la Kioo

Methali isemayo kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja imezoeleka mno vinywani mwa wanasiasa na walimu wa Kiswahili, hivi kwamba aghalabu husahaulika kuwa kabla ya kuwa methali ilikuwa taarifa ya mfugaji. Mfugaji alijua nani hufungwa na nani, na akikosea hasara ilikuwa yake. Mvuvi wa pwani naye ana zizi lake, nalo ni dema. Siku hizi, katika kumbi za mapokezi za baadhi ya hoteli zilizo kati ya Mombasa na Malindi, lipo zizi la tatu: tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi na samaki wa rangi, ambalo wengine huliita akwaria. Mazizi yote matatu yanauliza swali lile lile. Nani akae na nani?

Kijana mmoja wa Junju, mwenye umri wa miaka ishirini na ushei, alipata kazi ya kulitunza tangi la namna hiyo. Alipofika alikuta limekwisha kujazwa, na samaki wamechaguliwa kwa macho: wawili wa buluu kwa sababu buluu inapendeza, vitatange wawili wembamba wa manjano, kikande mmoja mwenye mistari ya machungwa, na kamba wadogo wa kupamba mawe. Haikupita hata wiki mbili. Mmoja wa wale wa buluu alikuwa amechanwa mapezi, akajibanza pembeni nyuma ya bomba la hewa. Kamba walioonekana asubuhi hawakuonekana jioni. Vitatange walitupiwa chakula, wakakitazama, wakazidi kukonda. Thamani ya kila samaki aliyekufa ilikatwa katika mshahara wa kijana, ilhali si yeye aliyewachagua.

Samaki hao si wageni kwa watu wa Junju. Kuruwitu, palipo na hifadhi ya bahari inayosimamiwa na wenyeji, ni katika wadi hii hii. Wavuvi wa hapo waliunda jumuiya yao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakatenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa watu waliotegemea maji hayo kwa kitoweo cha kila siku. Mwaka 2017 jumuiya hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miongoni mwa mambo yaliyowasukuma, mbali na uvuvi uliopita kiasi, ulikuwa ukusanyaji holela wa samaki wa mapambo na matumbawe kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo. Katika biashara hiyo kila samaki husafirishwa kwenye mfuko wake wa plastiki, maji kidogo chini na oksijeni juu. Hawachanganywi. Mfungaji wa mifuko anajua fika kwamba akiwatia wawili pamoja huenda atakayefika ni mmoja. Ujuzi huo, kwa bahati mbaya, mara nyingi huishia uwanja wa ndege.

Kijana alimwendea mjomba wake, mtega dema wa miaka mingi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umekuwa mchunga samaki."

Yule mzee alicheka, kisha akamtaka awataje samaki wake mmoja mmoja. Msomaji asiyelijua dema na afikirie kikapu kikubwa cha fito zilizosukwa, chenye mlango mwembamba unaoingilika kwa urahisi na kutokeka kwa taabu. Hulazwa mwambani na chambo ndani yake, likaachwa hadi kesho yake au zaidi. Anayeliinua hapati samaki tu, bali pia habari za usiku: nani kaingia kwanza, nani kamfuata, nani kabaki nusu. Ni tangi ambalo wakazi wake hawakuchaguliwa na yeyote, na kwa sababu hiyo linafundisha kuliko lile la hotelini.

"Ukimkuta mkunga ndani ya dema," alisema mjomba, "usihesabu samaki. Hesabu mifupa. Na huyo kikande wako ana meno ya kuvunjia makombe. Ukimwekea kamba mbele yake, umemwandalia meza."

Kuhusu wale wa buluu alikuwa na maneno machache zaidi. Ni kangaja, akasema, wenye kisu ubavuni mwa mkia. Wapo kangaja watembeao kwa makundi, hao hawana neno. Lakini huyu wa buluu ana kiwanja chake mwambani na hakigawi kwa mwenzake.

Hapa ndipo lugha inapotupiga chenga. Tumezoea kusema kwamba ndege wafananao huruka pamoja, na mwenye tangi huongozwa na wazo hilo pasipo kujijua: hununua wawili wawili, wa sura moja, ili wasione upweke. Samaki wengi wa mwambani hufuata kinyume chake. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba samaki hao wa rangi kali humshambulia wa jinsi yake kuliko mgeni. Sababu haihitaji kwenda Austria kuitafuta. Anayefanana nawe hula ulacho, hulala katika shimo ulitakalo, na humtamani umtamaniye. Asiyefanana nawe hana haja na chochote chako. Wapo kitatange wakubwa ambao watoto wao huvaa rangi tofauti kabisa na za wazazi, buluu nzito yenye duara nyeupe, na inadhaniwa kwamba vazi hilo ndilo linalowaokoa na hasira za wakubwa hadi wakomae.

Kwa hiyo anayechagua majirani wa tangini hupaswa kutafuta tofauti: tofauti ya umbo, ya chakula, na ya mahali pa kukaa, huyu chini mchangani, yule katikati ya maji, mwingine mapangoni. Mpole huingizwa kwanza na mkali mwisho, ili mkali asijione mwenyeji. Mgeni akiingia, mawe hupangwa upya, na wote wakawa wageni kwa siku hiyo. Maji yenyewe yana somo lake. Tangi jipya lahitaji wiki kadhaa kabla bakteria hawajatosha kuondoa sumu ya kinyesi, na subira hiyo huwashinda wengi kuliko ugomvi wa samaki.

Isitoshe, kuna wanaopendana kwa masharti. Yule kisamaki wa machungwa na milia myeupe, aliyepata umaarufu duniani kwa filamu ya mwaka 2003, hukaa salama ndani ya mikono yenye sumu ya anemoni, mahali ambapo samaki wengine hawathubutu. Wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa wa kundi hugeuka jike, na akifa, dume wake hushika nafasi hiyo. Atakaye jozi yenye amani achukue mkubwa mmoja na mdogo mmoja. Akiwachukua majike wawili waliokwisha komaa, amerudi kwenye zizi la mafahali, japo mafahali wenyewe ni wa kike.

Kikande, kwa upande wake, anastahili kutetewa. Huko nje hula wale wanyama wa miba ambao wakizidi huutafuna mwamba, na utafiti uliofanyika katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba palipo na kikande wa kutosha mwamba hupata nafuu. Ni jirani mwema wa bahari nzima. Ukimpimia lita mia nne, anakuwa jambazi. Kosa ni la anayepima.

Vitatange nao walimshinda hata mjomba. Kwake kitatange ni kitatange: mwembamba, wa rangi, hana nyama. Lakini chini ya jina hilo moja wamo wengi sana. Wengine hula kila kitu, wengine hawali ila vinyama vinavyojenga matumbawe, na hao hufa njaa mbele ya chakula kizuri. Wa hotelini walikuwa wa aina hiyo ya pili. Kiswahili cha pwani kimewapa majina makini tafi, changu, pono na mkundaji, kwa kuwa hao hufika chunguni. Wasiofika huko wamerundikwa pamoja. Huo si umaskini wa lugha. Lugha hutaja kinachowahusu wasemaji wake. Ila sasa kitatange anawahusu, maana mshahara wa mtu umo ndani yake, na wanaotunga istilahi katika ofisi za mbali wangefaidika kukaa asubuhi moja ufuoni dema likiinuliwa.

Kijana amefanikiwa kumshawishi bosi wake abakize kangaja mmoja, amwondoe kikande, na asinunue tena vitatange kwa sababu ya rangi. Pesa zilizokatwa hazijarudi. Ameanza daftari lenye safu tatu: jina, anakula nini, hapatani na nani. Safu ya pili na ya tatu zimejaa kwa mwandiko mdogo. Ya kwanza ina mapengo manne, na mjomba ameahidi kuyatazama upepo wa kusi utakapotulia, atakaporudi kutega.